Ya Kula ama ya Kuuza?

"Hii mzigo ni ya kula ama ya kuuza?"

Afisa aliuliza bila ubaya, kwa Kiswahili chake cha bara. Alikuwa ameinamia buti la gari letu pale Taveta, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kalamu. Mchele kilo 50, viroba viwili. Maharage ya njano debe moja. Gunia dogo la vitunguu ambalo lilikuwa limeshamwaga maganda zulia zima. Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti. Mikungu miwili ya ndizi mshale imelazwa juu ya vyote, imefunikwa kanga kama wagonjwa wanaokimbizwa hospitali. Maparachichi sikuyahesabu. Kuku hakuwamo, na hilo tulibishana nusu saa nzima na mama yangu asubuhi ile.

"Ya kula," nikasema.

Akanitazama mimi, akamtazama mume wangu, akachungulia kiti cha nyuma ambako wanangu wawili walikuwa wamelala wamebanwa na mito na mikungu ya ndizi.

"Nyinyi wanne?"

Mimi ni mtu wa Himo, chini kidogo ya Marangu. Niliolewa Mombasa miaka 14 iliyopita, na tangu hapo maisha yangu yana barabara moja: Mariakani, Voi, Mwatate, Taveta, Holili, nyumbani. Mpaka Voi ni kama kilomita 150, ukikunja kushoto unaziongeza kama 110 nyingine hadi Taveta, lami safi siku hizi, unapita mashamba ya mkonge ya Mwatate kisha unakata Tsavo Magharibi ambako tembo ni wekundu kwa vumbi. Ukishavuka mpaka, Himo ni pua na mdomo. Desemba ikifika Wachaga tunapanda mlimani, popote tulipo. Wenzetu wa makabila mengine wametutania hivyo mpaka wamechoka, na sisi hatujaacha kupanda.

Tatizo si kupanda. Tatizo ni kushuka, kwa sababu mama yangu hajui kufunga kidogo.

Kwake yeye, mtoto aliyeolewa mbali haondoki nyumbani na kilo mbili za mchele. Kilo mbili ni za mtu uliyekutana naye kituo cha basi. Kuna mama mkwe wa kufikiriwa, na mawifi, na jirani wa chini aliyemshika mtoto siku nilipolazwa, na mwalimu wa madrasa ya mtaani ambaye hata si wetu ila huwasalimia watoto vizuri. Kila mmoja ana fungu lake. Siku zile anazodai anapumzika, yuko stoo anapima kwa kisado, anafunga, anakata plasta ya karatasi na kuandika majina kwa mwandiko wake wa shule ya misioni, herufi zimesimama wima kama askari.

Huko Mombasa nako wana lao: mkono mtupu haulambwi. Mama mkwe wangu hunikumbusha hivyo kila nikianza kufungasha. Kwa hiyo na safari ya kwenda haiendi tupu.

Siku mbili kabla ya kuondoka tunaingia soko la Marikiti. Bizari ya pilau iliyosagwa mbele ya macho yetu, ukwaju, achari ya ndimu, halua ya kwenye kikapu, majani ya chai ya Kenya ambayo mama anaapa yana rangi kuliko yote aliyowahi kunywa. Papa mkavu, kwa sababu mjane huyu wa mlimani, aliyekulia ndizi na maziwa mgando, alikuja Mombasa mara moja tu kwenye harusi yangu akala mchuzi wa papa, na tangu siku hiyo hasikii la mtu kwa papa. Ukishambeba papa kwenye gari dogo huna haja ya kumtaja kwa afisa yeyote. Sisi hufungua madirisha kuanzia Mariakani, na bado tunafika Holili tukiwa tumeshatanguliwa na harufu.

Papa anapita. Halua inapita. Bizari inapita. Miaka ile ya mwanzo nilidhani kila kitu kinapita, safari moja nikabeba na maembe.

Yalikuwa ngowe, kikapu kizima, yameiva kwa nyuma tu, ya kufika nyumbani siku mbili yakiwa tayari. Holili, upande wa Tanzania, kijana mmoja wa ukaguzi wa mimea akanisalimia vizuri, "Karibu nyumbani dada, habari za safari," halafu akauliza kama maembe yana cheti. Cheti gani tena? Cheti cha afya ya mimea. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akatoa kisu kidogo, akaomba embe moja, akalipasua juu ya ukuta mfupi wa saruji. Lilikuwa safi, la manjano linalong'aa, mpaka mate yakanijaa. Nikamwangalia kama kusema, unaona? Akaomba la pili. Hili karibu na kokwa lilikuwa na kiwingu cha kahawia, na ndani ya kile kiwingu kulikuwa na kifunza cheupe, chembamba kama punje ya mchele uliovunjika. Kikajikunja kikawa duara. Kisha kikaruka. Kiliruka kweli, kama kimepigwa kibao, kikaangukia mkono wa mwanangu wa kwanza, naye akapiga ukelele uliowageuza watu wote kwenye foleni.

Kijana yule akatueleza kwa subira ambayo sikuistahili. Huyo ni nzi wa matunda, mgeni kutoka Asia. Mara ya kwanza alionekana Kenya mwaka 2003, huko huko pwani kwetu. Jike hutoboa ganda la embe likiwa bado mtini na kutaga ndani, nje huoni kitu zaidi ya kidoti. Alichokula kwenye maembe ya Kenya hakisemeki, hata ikafika mwaka 2014 Kenya yenyewe ikajizuia kupeleka maembe Ulaya. Nikamwambia lakini huyo nzi Tanzania mnaye tayari. "Tunaye," akasema, "ila hatuhitaji wa kwako." Kikapu kikaenda kwenye pipa. Mwanangu alilia kwa maembe kuliko alivyolia kwa funza.

Tangu siku hiyo nimejiwekea kanuni yangu, haijaandikwa popote lakini haijanitupa: mpaka unapenda chakula kilichokwisha kufa. Kilichokaushwa, kilichosagwa, kilichokaangwa, kilichochovywa kwenye sukari, hicho hakimtishi mtu. Kibichi, chenye mbegu, chenye udongo kwenye mizizi, chenye manyoya, hicho kina maswali. Mama yangu anaipinga kanuni hii kwa vitendo. Safari moja nilikuta ndani ya gazeti lililoloweshwa chipukizi la mgomba, limefichwa chini ya kiti cha dereva bila hata kuniambia. Alitaka nipande mshale kwangu Kisauni, huko Mombasa. Nikalishusha mwenyewe kabla ya kufika, si kwa utii bali kwa woga wa kusambaza ugonjwa mimi. Kagera tumesikia mnyauko ulivyoifanya migomba yao, na ugonjwa wa namna hiyo husafiri vizuri zaidi ndani ya zawadi kama ile, chipukizi lenye afya machoni, linalopitishwa na mtu mwenye nia njema.

Niseme kidogo jinsi pale panavyofanya kazi, maana ndugu zangu wengi wanaogopa pasipo sababu. Taveta na Holili ni kituo cha pamoja, kilizinduliwa mwaka 2016. Maana yake husimami mara mbili. Ukienda Tanzania unapita upande wa Kenya bila kushuka, unashukia Holili, na humo ndani dirisha moja ni la Kenya linakutoa, dirisha linalofuata ni la Tanzania linakuingiza. Kurudi ni kinyume chake, yote yanaishia Taveta. Kwa hiyo kila mara mimi hutoka Kenya nikiwa nimesimama juu ya ardhi ya Tanzania, jambo ambalo mume wangu bado linamchanganya. Gari linataka kibali chake cha muda na bima inayovuka mpaka, ile wanayoiita kadi ya njano. Na wewe mwenyewe unatakiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho ni kadi ya njano. Nimewaona watu wazima wakitoa ya gari kwa daktari na ya homa kwa mtu wa bima.

Halafu kuna lugha. Watu husema mpaka huu unagawa watu wa lugha moja, lakini hebu jaza fomu. Nimekaa Mombasa mpaka mdomo wangu umehama. Safari moja niliandika tungule, mbatata na thomu, na dada wa dirishani Holili akaniita kwa sauti: "Dada, thomu ndiyo dawa gani?" Nikafuta nikaandika kitunguu swaumu. Niliporudi Mombasa nilikuwa nimeshakaa kwa mama wiki mbili, nikasema nyanya na viazi, mama mkwe akaniuliza kwani nimeghafilika.

Kilichonifunza zaidi kuhusu mizigo ni Desemba ya 2017. Miezi minne nyuma yake, tarehe 28 Agosti, Kenya ilikuwa imepiga marufuku mifuko ya plastiki. Tanzania ilikuwa bado. Yao ilikuja tarehe 1 Juni 2019. Sasa fikiria stoo ya mama yangu katikati ya tarehe hizo mbili. Kila kitu kilifungwa kwenye rambo. Maharage rambo mbili, moja ndani ya nyingine, zimefungwa fundo la kutofunguka. Karanga rambo. Unga wa ulezi rambo. Rambo nyeusi, rambo za bluu zenye mistari, rambo aliyoitunza tangu msiba wa baba. Nilimwambia mama, hizi Kenya ni kosa, faini yake inatajwa kwa mamilioni, kuna na kifungo. Akaniuliza kama wanamfunga mtu kwa rambo, wezi wanawafanyaje.

Tuliegesha chini ya mti kabla ya kufika mpakani, tukaanza kumimina. Foronya za mito ya watoto zilipokea maharage. Kanga mbili zilipokea karanga na ulezi, tukafunga pembe kwa pembe. Suruali ya mume wangu ya kulalia, iliyofungwa fundo kila mguu, ilibeba dagaa. Upepo wa pale chini haukutusaidia; rambo moja ilitoka mkononi mwangu ikaruka kuelekea Kenya kabla yetu, na sote tukasimama tukiitazama inavyovuka bila paspoti. Tulipofika Taveta afisa alifungua buti akaona suruali yenye miguu minene imekaa kama mtu asiye na kichwa. Hakuuliza chochote. Alifunga buti taratibu akatupungia tupite.

Mama aliposikia habari hiyo kwa simu alicheka mpaka akakohoa, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Nyinyi mnapita mchana."

Yeye aliolewa Himo miaka ya mwisho ya sabini. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na ukakaa hivyo mpaka 1983. Dukani kulikuwa na rafu. Sabuni hakuna, sukari kwa kadi, mafuta ya kula ukiyapata unawaambia ndugu kwa kunong'ona. Ng'ambo, kwa mwendo wa miguu, Taveta, vitu vyote vilikuwepo. Wanawake wa vijiji vyetu walivuka usiku kwa njia za panya na kahawa au ndizi kichwani, wakarudi na mche wa sabuni umefungwa tumboni kama mimba. Mwaka huo wa 1983 ndio Sokoine, waziri mkuu wa Tanzania, alipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na watu wakawa wanatupa hata vyao halali mtoni kwa hofu. Mama anasema yeye alivuka mara tatu tu. Shangazi yangu anasema mara tatu kwa wiki.

Sasa swali lile, ya kula ama ya kuuza, waliulizwa na wao, na wanamgambo wenye tochi. Mama anasema hakuwahi kujua jibu sahihi. Miche minne ya sabuni: mmoja wa kufulia, miwili ya kuuza ili upate nauli na unga, mmoja wa kumpa mwenye nyumba aliyekuficha. Ni ya nini hiyo? Hata leo, kaa siku ya soko pale Taveta uwatazame kina mama wanaovuka na ndizi. Mkungu ukiuzwa ndio unga wa jioni, usipouzwa unarudi nyumbani kuwa mtori. Waliotunga fomu walifikiri kuna vikapu viwili. Mimi sijaona mwanamke mwenye vikapu viwili.

Simsemi afisa. Najua anachokiangalia. Tangu mwaka 2005 tuna Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama haitozwi ushuru wa forodha, na mchele wangu ulikuwa wa Chekereni, umemwagiliwa na mifereji ile ya mradi wa Wajapani chini ya Moshi, hauna asili nyingine. Lakini lazima ujulikane ni wa huko, si wa meli kutoka Asia uliobadilishiwa gunia, maana wa nje ya Jumuiya una ushuru mzito. Sukari ndiyo usiseme. Ya nje kiwango chake cha Jumuiya ni asilimia 100, ndiyo maana wanaigonga kila gunia wakisikiliza. Ushuru hakuna, karatasi zipo. Kwa mzigo wa biashara usiozidi thamani ya dola 2,000 kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, unajaziwa papo hapo. Ni kitu kizuri. Kinawasaidia wale kina mama kuliko njia za panya.

Mahindi, hayo mimi siku hizi sibebi kabisa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti ya vyeti, sumu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mama alinipigia usiku ule ule wa tangazo. Hakusalimia. "Eti mahindi yetu yana sumu?" Nikamweleza kwamba ni ukungu, unaingia mahindi yakivunwa mabichi au yakihifadhiwa na unyevu, hauonekani kwa macho, nao upo pande zote mbili za mpaka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nimekula dona lake tangu nina meno mawili na nimesoma mpaka chuo, kwa hiyo sumu hiyo ingenikuta. Jikoni kwangu kulikuwa na debe la mahindi yake. Nililitazama siku tatu. Sitasema nililifanyaje, maana mama anasomewa blogu hii na mjukuu.

Turudi kwenye buti.

"Nyinyi wanne?" afisa alikuwa ameuliza. Nikajua nimeshikwa pabaya, nikatumia silaha niliyoiona karibu. Nikamwonyesha plasta. Tazama, afande, mama yangu ameandika majina. Hii ni ya mama mkwe. Hii ya wifi mkubwa. Hii ya jirani wa chini. Nilikuwa na hakika hakuna mfanyabiashara duniani anayeandika "mwalimu, yule mpole" juu ya kilo tatu za maharage.

Afisa akainama zaidi. Akasoma kimya, kidole kikifuata mwandiko, kutoka kifurushi hadi kifurushi, midomo ikicheza. Alipomaliza akanyooka.

"Majina kumi na moja," akasema. "Kwa hivyo hawa ndio customers?"

Mume wangu aligeuza uso akatazama Kilimanjaro, ambayo siku hiyo ilikuwa wazi kabisa.

Hakuwa mkali. Aliniambia, madam, mimi sikatai, lakini huu ni mzigo, wacha tu tuujaze fomu, haulipi kitu, uende na amani. Tukaingia ndani. Safu ya kwanza, aina ya bidhaa, nikajaza. Ya pili, uzito, tukakadiria. Ya tatu, thamani. Hapo nikakwama. Mchele mama alinunua, lakini maharage yalitoka shambani, ndizi zilitoka nyuma ya jiko. Afisa akasema siwezi kuacha wazi, nimpigie. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje kwa sababu mkono mwingine ulikuwa na paspoti nne.

"Mama, shikamoo. Hapa wanauliza maharage yale bei gani."

"Marahaba. Kwani wanataka kununua?"

"Hapana mama, ni fomu."

"Yale sikununua, nimelima. Lakini waambie nimebaki na gunia zima huku stoo, na ni ya mwaka huu, hayana hata mdudu mmoja. Wanichukulie lote nitawapunguzia."

Chumba kizima kilikuwa kimenyamaza, madirisha ya Kenya na ya Tanzania pia. Afisa aliweka kalamu juu ya fomu, akaisogelea simu yangu.

"Muulize debe ni pesa ngapi," akasema.